Mwili wa mwalimu wa awali: mlangoni, mkekani, na kwenye darasa la watoto 80

Wiki ya kwanza ya shule, mwezi Januari, katika shule ya msingi ya kijijini huko Shinyanga, darasa la awali hupokea watoto ambao wengi wao wamekulia kwenye Kisukuma kitupu. Shuleni lugha ya kufundishia ni Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mwalimu anaposema "njoo ukae hapa", mtoto wa miaka mitano hana neno la kushika. Anaangalia mkono umeelekea wapi, uso umekaaje, na huyu mtu mzima amesimama karibu kiasi gani. Mtoto wa Tanga au Mombasa, ambaye Kiswahili ndicho alichonyonya nacho, naye hufanya hivyohivyo, ila yeye ana maneno ya kuhakikishia alichokiona.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoliona suala la mwalimu kumpokea mtoto kwa mwili wake kama la tabia ya kuzaliwa, kwamba mwalimu fulani "ana upendo na watoto" na mwingine hana. Wapo walimu wanaowapenda watoto kweli kweli lakini wanasimama vibaya, wanaita vibaya, na wanawagusa watoto mahali wasipotaka kuguswa. Na yupo mwalimu mkimya, asiye na maneno mengi wala kicheko cha haraka, ambaye watoto humganda kutwa nzima kwa sababu anajua magoti yake na viganja vyake vikae wapi. Mambo haya yanafundishika, na yanapaswa kufundishwa kwa vipimo, kama tunavyofundisha kuandaa zana au kupanga kona za kujifunzia.

Uzito wa uso wa mtu mzima kwa mtoto umejulikana kitambo. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick na wenzake waliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa muda mfupi wawatazame bila kuonyesha chochote usoni. Hawakukaripia wala kuondoka. Watoto walijaribu kumrudisha mama kwa tabasamu, kwa sauti, kwa kunyoosha mikono. Waliposhindwa waligeuza nyuso, wakanywea. Mtoto wa awali si mchanga tena, lakini darasani anakutana na uso uliokufa kila siku: uso wa mwalimu anayejaza mahudhurio huku akijibu "mm" bila kuinua kichwa.

Salamu ya mlangoni

Salamu iliyozoeleka tunaijua wote. Mwalimu anaingia, watoto wanasimama, "Shikamoo mwalimu!", "Marahaba, hamjambo?", "Hatujambo!", "Kaeni." Inaleta utulivu, na sioni sababu ya kuifuta. Ila darasa limesalimiwa, na hakuna mtoto mmojammoja aliyesalimiwa. Mtoto aliyeamka na homa, aliyelala bila kula, au aliyechapwa asubuhi ameitikia kwa sauti ileile ya wenzake na mwalimu hajajua lolote.

Salamu ya mlangoni hutengeneza hilo, na muda wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Watoto 80 kwa sekunde 5 kila mmoja ni sekunde 400, yaani chini ya dakika 7, na hawafiki wote kwa pamoja. Mwalimu akae kwenye kigoda pembeni ya mlango. Akikaa katikati, au akasimama kizingitini, mlango umezibwa, na mtoto mgeni husita hatua tatu kabla ya kufika. Kiwiliwili kielekee nusu kwa mtoto, nusu ndani ya darasa, ili mwili wenyewe uonyeshe njia ya kupita. Mtoto anasema shikamoo; mwalimu anaitikia kwa jina: "Marahaba, Neema. Hujambo?" Jina likiwa bado halijakaa kichwani, kipande cha plasta ya karatasi kifuani pa mtoto chenye jina lake kitasaidia kwa wiki mbili za mwanzo.

Kisha mkono. Mwalimu anatoa kiganja kilicho wazi, usawa wa kifua cha mtoto, kinachotazama juu, anaacha hapo. Mtoto anachagua: ampe mkono, ampe tano, agote kwa ngumi, au apite tu akitabasamu. Kuchagua huko ndiko kunakofanya kazi. Mwalimu anayewakumbatia wote kwa zamu ana nia njema, lakini mtoto asiyependa kukumbatiwa anajifunza kwamba hapa mlangoni mwili wake si wake, na siku ya tatu utamwona anajificha nyuma ya mwenzake akisubiri mwalimu ageuke.

Katika familia nyingi za Kanda ya Ziwa msichana hupiga goti anapomsalimia mkubwa. Akifanya hivyo mlangoni apokelewe. Asiinuliwe kwa mkono wala asichekwe na wenzake. Mwalimu aliye kwenye kigoda tayari yuko chini, na salamu hiyo inaishia macho kwa macho bila mtu kuaibika.

Anayelia ni habari nyingine. Mama amefika na mtoto mchanga mgongoni, na huyu wa awali ameng'ang'ania khanga. Kosa linalotokea karibu kila shule ni kumbandua: mwalimu anamshika mkono mmoja, mama anachomoa khanga, mtoto anaingizwa ndani akipiga mateke, na dakika moja baadaye watoto wengine watatu wanalia kwa kumwona. Mwalimu aanze na mama. Amgeukie mama, amsalimie, "Habari za asubuhi, mama Juma," wazungumze maneno mawili matatu kwa uso uliolegea. Mtoto anachotaka kujua ni kama mama yake anamwamini mtu huyu, na jibu analipata kwa kuwatazama.

Halafu mwalimu ashuke chini, ubavu kwa ubavu na mtoto, umbali wa mikono miwili hivi, na asimkazie macho. Aangalie alichoshika, au kiatu chake, au atoe kitu mfukoni: kizibo cha soda, gari la kopo, mbegu za mkwaju kiganjani. Atulie. Nusu dakika ya kunyamaza humwonekea mtu mzima kama robo saa, na hapo ndipo wengi huharibu kwa kuanza kubembeleza kwa maneno mengi. Mtoto akigeuza kichwa kutazama kile kitu, mwalimu anakisogeza kidogo tu. Mama aage mara moja, kwa lugha ya nyumbani, aonekane akiondoka. Wapo wanaomwambia mama atoroke mtoto akigeuka, na kwa siku hiyo inaonekana imefaulu. Kesho yake mtoto atashika khanga kwa mikono miwili na hatatazama kizibo chochote, kwa sababu jana alitazama na mama akapotea.

Kimo

Mtoto wa miaka mitano akisimama, macho yake yako karibu mita 1 kutoka ardhini. Macho ya mwalimu aliyesimama yako mita 1 na nusu au zaidi. Tofauti hiyo haimalizwi kwa kuinama. Ukiinama kutoka kiunoni, uso wako unakuja juu ya mtoto, unamzibia mwanga, na mkono wako unashuka kutoka juu. Mtazame, ataegemea nyuma kidogo. Ukipiga goti moja chini, unyayo mwingine umekaa wote sakafuni na mgongo umenyooka, macho yenu yanakuwa sawa au yako yanakuwa chini kidogo. Chini kidogo ni bora zaidi kwa mtoto mwoga.

Lakini mwili wa mwalimu nao ni mwili. Kuchuchumaa mara 80 kwa asubuhi moja, miezi tisa ya mwaka, kunaua magoti. Na mwalimu mjamzito, mwenye sketi ya kubana, au aliye na miaka 55 hawezi hata wiki. Ushauri wa "shuka usawa wa mtoto" unaotolewa kwenye semina bila kusema utashuka vipi huisha siku ya Jumatano. Kinachodumu ni kigoda. Kigoda cha sentimita 25 hadi 30 kinamweka mtu mzima wa kimo cha kawaida macho yake yakiwa karibu mita 1, sawasawa na mtoto aliyesimama. Fundi wa mtaani anakichonga kwa mabaki ya mbao; pasipo kigoda, ndoo imara ya rangi ya lita 10 iliyogeuzwa inatosha. Kiwe chepesi cha kubebwa kwa mkono mmoja, kwa sababu kigoda kikibaki mahali pamoja kinageuka kuwa kiti cha mwalimu, na watoto wa upande mwingine wanarudi palepale. Khanga ya kufunga kiunoni juu ya gauni huondoa wasiwasi wa nguo, na wasiwasi huo ndio unaowafanya walimu wengi wa kike wasikae chini kabisa.

Pwani kuna mfano wa siku nyingi wa jambo hili. Mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kuenea Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya mikeka, kona za kujifunzia na zana zinazopatikana mtaani. Mkeka unamaliza suala la kimo bila mtu kulizungumzia, maana mwalimu naye anakaa mkekani. Kwenye darasa lenye madawati ya watoto wakubwa, ambayo miguu ya mtoto wa awali inaning'inia bila kugusa sakafu, hata kigoda hakitoshi. Hayo madawati yaondolewe, jamvi litandikwe.

Macho, mikono, na fimbo ya ubaoni

"Niangalie ninapozungumza na wewe." Sentensi hii ingefaa kuondoka kabisa madarasani. Watoto wengi wa kwetu wamelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na wanapokaripiwa huinamisha zaidi, kwa adabu. Mwalimu anayelazimisha macho anamwadhibu mtoto kwa kutii nyumbani kwao. Mwalimu atazame kwanza anachofanya mtoto (udongo alioufinyanga, mstari aliouchora), kisha ainue macho usoni pake kwa muda mfupi, arudi kwenye kazi. Mtoto atainua yake akiwa tayari. Kwa mtoto mwenye usonji, kutazamwa usoni kwa muda mrefu kunaweza kuwa mateso. Kukaa ubavuni pake na kutazama kitu kimoja pamoja naye kunatosha. Kwa mtoto asiyeona, yote haya yanatanguliwa na sauti: jina lake, kisha "ni mwalimu, niko kulia kwako", kisha ndipo mkono. Kumgusa kwanza ni kumshtua.

Kidole cha shahada kimoja kinachomwelekea mtoto kina maana mbaya karibu kila nyumba. Kiganja kilicho wazi kinachagua, kinaita na kinasimamisha bila ukali huo. Mikono iliyoshika kiuno hupanua mwili na kumtisha mdogo, hata kama mwalimu amechoka tu na anapumzisha mgongo. Mikono iliyofungwa nyuma ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtoto haoni kilichoshikwa huko.

Na mara nyingi kilichoshikwa ni fimbo. Walimu wengi hutumia fimbo kuonyeshea herufi ubaoni, na wakiulizwa husema hawachapi nayo. Mtoto hajui hilo. Anajua umbo la kile kitu na anajua kinafanya nini nyumbani na madarasa ya juu, kwa hiyo mwalimu anapoielekeza kwenye "a", macho ya watoto wa mstari wa mbele yako kwenye ncha ya fimbo na si kwenye herufi. Kanuni za Tanzania zinampa mwalimu mkuu, au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, peke yao mamlaka ya kutoa viboko, na visizidi vinne. Kenya imekataza viboko shuleni kwa sheria. Hata tukiacha kanuni kando, kwenye darasa la awali fimbo haina kazi. Onyesha kwa kiganja, ukisimama ubavuni mwa ubao ili mgongo wako usiwe kwa watoto. Herufi ikiwa juu mno, tatizo ni ubao: sogeza mstari wa kuandikia ushuke kifuani pako.

Kugusa

Kugusa kuzuri ni kufupi, kunaonekana na wote, na mtoto ndiye anayeamua kuishe lini. Bega, mkono juu ya kiwiko, kiganja, sehemu ya juu ya mgongo: sekunde moja au mbili zinatosha kusema "nimekuona". Mtoto akikushika mkono, mwache yeye aachie kwanza. Mashavu yasifinywe. Kichwa kisiguswe kwa ghafla, hasa kutoka nyuma. Kiuno, mapaja, na kumpakata mtoto magotini ukiwa naye peke yenu mahali pasipoonekana, hapana, kwa mwalimu wa kike na wa kiume sawia. Mtoto aliyejichafua asafishwe, bila shaka, lakini mtu mzima mwingine ajue, na mtoto aambiwe kila hatua kabla haijafanyika: "Sasa navua suruali, sasa namwaga maji."

Wapo walimu wa kiume ambao kwa hofu ya kusemwa wameacha kugusa kabisa. Naielewa hofu hiyo, ila watoto wao hupoteza kitu. Gota na tano, mbele ya darasa zima, havina ubaya wowote na mtoto havisahau.

Mkazo zaidi uende kwa mtoto anayejikunyata mkono unapoinuka. Umeinua mkono kufuta ubao, yeye amefunika kichwa. Usicheke, usimuulize mbele ya wenzake "unaogopa nini?" Shusha mkono polepole, onyesha viganja vyote viwili vikiwa chini ya usawa wa kifua chako, na kuanzia siku hiyo mfikie kwa mbele, kwa chini, ukitamka jina lake kabla hujafika. Mara moja inaweza kuwa bahati mbaya. Ikijirudia, au ukiona alama mwilini, ongea na mwalimu mkuu na uandike tarehe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake.

Mtoto aliyemng'ata mwenzake anahitaji mwili wa mwalimu uwe katikati. Piga goti kati yao. Kifua na uso vielekee kwa aliyeumia, kiganja kimoja kilicho wazi kibaki nyuma yako, chini, kumsimamisha mwingine. Sauti ishuke badala ya kupanda. Aliyeng'ata akipewa uso wa mwalimu kwanza, hata kama ni uso wa hasira, amepata alichokitafuta, na aliyeumia ameachwa na alama ya meno mkononi.

Darasa likiwa kubwa

Kiwango kinachotajwa kwa awali Tanzania ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Madarasa mengi ya shule za serikali yako mbali sana na hapo, na ushauri wowote unaojifanya hayapo haufai kitu. Kwenye watoto 80, uchangamfu wa mwalimu huwafikia wale kumi walio mbele na wale watano wasumbufu. Waliobaki hukaa mwaka mzima wakiona mgongo.

Panga mikeka kwa makundi manane ya watoto kumi kumi, kila kundi kwa umbo la nusu duara, na uache njia ya upana wa hatua moja kati ya makundi. Chukua kigoda. Asubuhi moja kaa kwenye makundi manne, dakika tano kila moja, na ndani ya dakika hizo kila mtoto apate kitu kimoja kutoka kwako: jina, jicho, au tano. Makundi manne mengine ni kesho. Kwa hiyo kila mtoto anafikiwa mara moja kila siku mbili, na hilo linawezekana hata bila msaidizi. Weka nukta ndogo ya penseli kwenye daftari la mahudhurio kwa kila uliyemfikia. Mwisho wa wiki nukta zitakuonyesha majina unayoyaruka, na mara nyingi ni watoto watulivu. Upande wa kufundishia ubadilishwe kila wiki, ili waliokuwa nyuma wawe mbele.

Kusubiri nako ni kazi ya mwili. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani miaka ya 1960 na 1970, aligundua kwamba walimu husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi kisha wanaingilia, na wakifikisha sekunde 3 watoto hujibu kwa urefu na wengi zaidi hujitokeza. Mtoto anayetafsiri kichwani kutoka Kisukuma anazihitaji hizo 3 na zaidi. Ila mwalimu anayesubiri huku akigonga chaki mezani au akitazama mlango hajasubiri. Kaa, kiganja wazi kwa mtoto, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, nyusi zimelegea, na hesabu kimoyomoyo. Akijibu vibaya, uso usibadilike. "Makofi matatu kwa Juma" nayo yatolewe kwa kiasi. Mtoto mwenye haya huyasikia kama kelele za kumzunguka, na atakuwa na furaha zaidi kwa kuitikiwa kwa kichwa na mwalimu aliye karibu.

Kujiona mwenyewe ni kugumu, kwa hiyo mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa kwa dakika 10 na karatasi tupu. Achore ramani ya darasa: mlango, ubao, makundi. Kila unaposimama aweke nukta, kila unapokaa au kupiga goti aweke duara, kila unapomgusa mtoto au kumwita kwa jina aweke mstari kuelekea alipo. Asiandike maoni yoyote. Maoni huleta ubishi, ramani haibishaniki. Kwa kawaida nukta hujaa eneo la mita mbili mbele ya ubao, maduara hayazidi matatu, na kuna pembe, aghalabu ile iliyo nyuma ya mlango ukifunguliwa, ambayo haina alama hata moja. Badilisheni zamu, umchoree na yeye, kisha rudieni baada ya wiki mbili, saa ileile, kabla ya uji, maana baada ya uji watoto na mwalimu wote huwa na nguvu nyingine na ramani mbili hazitalingana.